Mji Niliomchagulia Editha

Msinipigie tena simu kuniuliza mji. Nimeshasema. Namba yangu imezunguka Hong Kong nzima, imefika Dubai, imefika Leyte kwetu, na kila Mfilipino anayetaka kuhamia Kanada anaambiwa, mpigie Dada Minda wa Winnipeg, yule anaijua miji yote. Mimi nijue nini? Nimeshona makoti miaka thelathini, nimelea watoto watatu, nimepasuka visigino kwa baridi, basi. Lakini sifa tamu bwana, na mimi nilizipenda. Mtu akinipigia nakaa kitako kama hakimu. Una watoto? Unajua cherehani au unajua kutunza wagonjwa? Baridi unaiweza? Kisha nakata shauri: wewe nenda Regina, wewe Moncton, wewe Toronto ifute kabisa kichwani. Watu kumi na wanane nimewachagulia miji, na kumi na saba kati yao kila Krismasi wananiletea keki.

Wa kumi na nane ni Editha Cabaluna, na anaishi humu humu nyumbani kwangu, chumba cha chini.

Ni wa kijiji chetu, ila nilipoondoka yeye alikuwa bado anachezea tope. Mfupi, mabega mapana, anacheka huku kafunika mdomo kwa sababu ya jino lililokatika. Alijifungua binti mmoja tu, Rhealyn. Mume alikwenda Manila kutafuta kazi akaipata, na mke mwingine akampata huko huko. Basi mtoto akiwa na miezi saba, bado yuko kwenye titi, Editha akamkabidhi kwa mama yake mzazi, Bi Isidra, akapanda ndege kwenda Hong Kong kufanya kazi za ndani. Aliniambia kwamba wiki ya kwanza alikuwa anajifungia bafuni kwa tajiri anakamua maziwa yanaingia kwenye sinki. Miaka ishirini alikaa huko. Kila baada ya miaka miwili anakwenda nyumbani wiki mbili. Safari ya kwanza mtoto alimwamkia, akamwita shangazi.

Kutoka Hong Kong akaja Toronto kulea watoto wa watu. Tajiri wa kwanza akawa mshenzi, anamlaza stoo, mshahara hamlipi. Akashtaki, serikali ikampa kibali kipya cha kufanya kazi popote nchini. Ndipo naye akapewa namba yangu. Oktoba akashuka kwenye basi hapa Winnipeg, siku mbili njiani, miguu imevimba, mkononi ana begi moja na mfuko wa samaki wa chumvi aliotuletea.

Hata koti hakuvua. Alikaa mezani jikoni akasema, "Dada Minda, mimi sitafuti mji mzuri. Nitafutie mji utakaoniletea mwanangu. Sijawahi kuishi naye nyumba moja hata mwaka. Akikohoa sijui kikohozi chake kikoje."

Sheria yenyewe, sisi huku hata muosha vyombo anaijua kwa moyo. Ukipata kazi ya kudumu kwenye jimbo hili na ukaifanya miezi sita, unaruhusiwa kuliomba jimbo likupendekeze upewe ukaazi. Mtoto wako anaingia kwenye karatasi zako, mradi siku ombi linapopokelewa awe hajatimiza miaka ishirini na miwili. Akishatimiza, hata kwa siku moja, kwako wewe si mtoto tena. Atafute njia yake mwenyewe.

"Rhealyn anatimiza lini?" nikamuuliza.

"Novemba mwakani. Tarehe ishirini na moja."

"Aa! Basi una muda wa kujikuna na kupiga miayo."

Nilikuwa na kazi mbili za kumpa. Ya kwanza ilikuwa Thompson, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo hili hili, mwendo wa saa nane kwa gari. Nyumba ya kutunzia wazee huko ilitaka mtu wiki ile ile, na chumba cha kulala wanatoa. Ya pili ilikuwa hapa hapa, kiwanda cha makoti ninachofanyia kazi mimi, ila darasa jipya la mashine lilikuwa linaanza tarehe kumi na moja Desemba, kabla ya hapo hawachukui mtu.

Nilimfungulia ramani kwenye simu. Akaweka kidole juu ya Thompson, akakiacha hapo.

"Huku nikianza wiki hii, Aprili nimemaliza miezi yangu sita."

"Umemaliza nini? Umemaliza vidole!" nikamwambia. "Thompson baridi inafika arobaini chini ya sifuri. Huko hata mbwa mwitu wanavaa soksi. Ukishikwa na homa nani atakupikia uji wa tangawizi? Jumapili utasali na nani?"

Mume wangu Rogelio alikuwa anakula. Akasema bila kuinua kichwa, "Wee Minda, mwache mwenzako achague mwenyewe."

"Wewe kula."

"Nakula. Lakini mwache achague."

Nikamgeukia Editha, nikamhesabia kwenye vidole vyake mwenyewe. Desemba mpaka Juni. Juni mpaka Novemba. "Unaona? Una miezi mitano ya akiba, kazi ya kukaa kwenye kiti badala ya kuinua wazee mgongo ukakatika, na kodi ambayo Toronto ingekupatia nusu ya kitanda tu. Hapa una chumba chako, una dirisha, una mlango wako wa nje. Mtoto akija, shule iko, kazi iko, wenzake wako. Thompson utamleta aje kutazama nini? Miti?"

Akanirudishia simu yangu. Akasema, "Dada, wewe unaijua nchi. Mimi sijui kitu. Nitafanya utakavyosema."

Niseme na hili, maana nimeshaanza. Chumba changu cha chini kilikuwa kitupu tangu Agosti, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa na Rogelio ambaye maneno yake kwa siku hayazidi kumi. Nilimtaka Editha. Nilimtaka mtu wa kijiji kwetu wa kusengenya naye tunapokunja nguo. Sikumdanganya hata neno moja, ila nilimvuta kwa mikono miwili.

Halafu nikamwongezea shauri la pili. "Usimwambie Rhealyn. Wala mama yako. Usimwambie mtu."

Kwetu safari haitangazwi. Ukiisema kabla karatasi haijawa mkononi, inavunjika. Kila mmoja wetu ana mfano wake. Mimi ninamjua aliyechinja nguruwe wawili akaagwa na kijiji kizima, kwa ngoma na hotuba, na viza ikakataliwa Jumatatu yake. Hakutoka nje mwaka mzima. Editha naye aliujua mfano huo, nguruwe wale mama yake alisaidia kuwapika. "Siwezi kusema, Dada," akasema. "Nikisema nitakuwa nimejiroga mwenyewe."

Basi akakaa kimya, akimpigia mtoto kila Jumapili wanaongea habari za kuku na mvua.

Novemba tarehe ishirini na moja alipika tambi. Tambi za siku ya kuzaliwa, ndefu, huzikati, ili na maisha yawe marefu. Alikuwa amezipika kila mwaka Hong Kong, ananiambia, kwenye jiko la tajiri, na kuzila peke yake amesimama. Safari hii tulikula watatu. Aliegemeza simu kwenye chupa ya sosi ya soya, Rhealyn akawa anatutazama kutoka Leyte huku naye anakula za kwake. Msichana mzuri, mcheshi, ana nyusi za mama yake. Anauza dawa kwenye duka moja mjini.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?" akauliza. "Nina tambi kwenye meno?"

"Nakutazama tu. Umefika ishirini na moja."

"Nimezeeka," akasema, na wote tukacheka. Akafungua mdomo kama anataka kuongeza kitu, lakini bibi yake akaingiza kichwa kwenye kioo kuniamkia, maneno yakapotelea hapo. Mara nyingi nawaza alitaka kusema nini.

Desemba akaanza kiwandani. Mikono ile ilikuwa na njaa ya kazi! Wiki ya tatu alikuwa anaunga zipu haraka kuliko walioanza mwaka mzima kabla yake. Msimamizi wetu, Halyna, mwanamke wa Kiukraine asiyesifu mtu, alisimama nyuma yake akaguna. Kwa Halyna kuguna ni zawadi. Januari Editha akanunua kitanda cha pili, cha mtumba, tukakibeba mimi na yeye kwenye theluji barabara tatu, tunaanguka tunacheka. Akakitandika shuka yenye maua ya njano. Hakuna aliyewahi kukilalia, lakini kila Jumamosi alikuwa anaifua shuka ile.

"Inachafuka na nini?" nikamtania.

"Vumbi, Dada. Asije akakuta vumbi."

Mwishoni mwa Aprili mama mmoja wa ofisi ya kusaidia wageni alimwambia aanze kukusanya vyeti mapema, asingoje Juni. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwanza. Kwenye fomu zote alizowahi kujaza maishani Editha aliandika Novemba kwa kichwa, na hakuna aliyewahi kumdai cheti. Akamwandikia Rhealyn: nenda mjini kachukue cheti chako, kipige picha unitumie, usiniulize ni cha nini.

Baada ya siku tatu picha ikaja. Nilikuwa nakaanga samaki. Editha ametoka zamu, koti bado liko mwilini, akaniletea simu jikoni.

"Dada, nisomee. Macho yangu leo hayako sawa."

Nikajifuta mikono nikasoma. "Rhealyn Cabaluna. Mwanamke. Mama, Editha. Tarehe ya kuzaliwa, ishirini na nane Mei."

"Soma tena."

"Ishirini na nane Mei. Editha, hiki si cha kwake. Wamempa cha mtu mwingine."

"Jina langu limeandikwa hapo?"

"Limeandikwa."

"Basi ni cha kwake," akasema. Akakaa chini, si kwenye kiti, sakafuni, mgongo kwenye mlango wa friji. Samaki wakaungua. Sikuwageuza.

Alipiga simu palepale. Huku Winnipeg ni saa moja jioni, kule Leyte ni saa mbili asubuhi ya kesho yake. Bi Isidra ndiye aliyepokea, kwa sauti yake ile ya kupigia kelele watu wa ng'ambo ya mto.

"Mama, cheti cha Rhealyn kwa nini kimeandikwa Mei?"

"Aa, hiyo! Hiyo ya zamani."

"Ya zamani vipi, Mama? Nilimzaa Novemba. Nilikuwepo!"

Habari ikatoka yote. Mtoto alizaliwa nyumbani kwa mkunga wa kijiji, na hakuna aliyekwenda kumwandikisha, kwetu ni kawaida, watu wanangoja mpaka cheti kihitajike. Akafika miaka mitano na nusu. Juni shule zinafungua, binamu yake anakwenda darasa la kwanza, na Rhealyn akamfuata mpaka getini akalala chini akalia. Siku ya pili akalia. Siku ya tatu pia. Mwalimu akasema, bibi, lete cheti kinachosema amefika sita, nitampokea. Bi Isidra akaenda ofisi ya wilaya kumwandikisha kwa mara ya kwanza, na alipoulizwa tarehe akairudisha nyuma kidogo, akasema Mei ya mwaka ule ule.

"Nani angebisha?" akasema bibi. "Mkunga alikuwa ameshakufa. Na mtoto akawa wa kwanza darasani, usisahau hilo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ya nini? Wewe uko Hong Kong unasugua vyoo vya watu, mimi nikusumbue na habari za getini? Ungekuja kumnyamazisha?"

Rhealyn akachukua simu kwa bibi yake. "Mama, mimi nilidhani unajua. Shuleni mimi ni wa Mei, kazini mimi ni wa Mei. Nyumbani ndiyo Novemba. Sote tuko hivyo, binamu yangu naye ana mbili. Kwani kuna ubaya gani?"

Hapo ndipo ikabidi aambiwe. Kwa mara ya kwanza Editha alimwambia mwanawe habari ya ombi, ya miezi sita, ya miaka ishirini na miwili, ya kitanda. Alisema polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Miezi sita inatimia tarehe kumi na moja Juni. Wewe kwa karatasi unatimiza ishirini na nane Mei. Wiki mbili, mwanangu.

Kule tukasikia jogoo.

"Kwa nini hukuniambia, Mama? Ningekuambia tarehe siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, Mama."

Editha akainua macho akanitazama. Hakunilaumu kwa neno. Ningeshukuru angenitukana.

Kuanzia hapo sikulala sawasawa. Nilikuwa nahesabu, nahesabu. Kama angekwenda Thompson angemaliza Aprili katikati, angekuwa ameshapeleka ombi, na mtoto yumo. Mbwa mwitu na soksi! Nilijichukia mdomo wangu.

Siku ya tatu nikamfuata chumbani kwake. "Sikiliza. Halyna anakupenda. Ndiye anayeandika barua ya kazi. Twende tumwombe aandike umeanza Novemba. Siku chache tu, Editha, tunairudisha nyuma kidogo, nani atabisha?"

Alikuwa anakunja soksi. Akaacha.

"Hivyo hivyo ndivyo alivyosema Mama," akasema. "Alisogeza tarehe moja tu, Dada. Moja tu. Tazama tulipo."

"Basi kaa na ukweli wako!" nikampigia kelele. "Kaa nao! Huo ukweli ndio utakaolala kwenye kitanda kile!" Nikapanda ngazi, nikabamiza mlango, Rogelio akaniuliza kuna nini nikamwambia kula. Nilirudi baada ya nusu saa nikamkuta bado ameshika soksi ile ile. Nikamshika miguu nikamwomba radhi. Akanipigapiga kichwani kama mtoto.

Kukabaki kitabu cha kanisa. Rhealyn alibatizwa Januari akiwa na miezi miwili, na padri huandika siku mtoto aliyozaliwa. Yule mama wa ofisini alisema ushahidi wa kanisa ungeweza kusaidia kuanzisha marekebisho, ajaribu. Tukapata moyo. Editha akaacha kula mchana ili atumie mapumziko kupiga simu. Bi Isidra na Rhealyn wakaenda parokiani. Kitabu kipo, mzee wa kanisa akasema, lakini kwenye kile kimbunga cha mwaka elfu mbili na kumi na tatu maji yaliingia mpaka juu ya madhabahu. Akawatolea. Kurasa zimegandana, kitabu kimekuwa tofali.

Rhealyn hakukubali. Aliomba ruhusa kazini, akakaa sakristia, kile chumba cha nyuma ya madhabahu, siku mbili na kisu cha kupakia siagi na mvuke wa birika, anabandua karatasi moja moja. Anatutumia picha. Sisi kiwandani tunazifungulia chini ya meza ya cherehani, Halyna anaona, anageuka upande mwingine. Ukurasa mmoja ukafunguka, umesomeka: jina la binamu yake, yule wa getini, na siku yake ya kuzaliwa, wino safi kabisa. Ukurasa uliofuata ukatoka vipande vipande kama ngozi ya kitunguu. Akatupigia picha vipande kwenye kiganja chake. Kimoja kilikuwa na herufi mbili, hatukujua za nani.

Yule mama wa ofisini aliitazama picha ile, akavua miwani. Akasema ameshauliza wakubwa wake, na hata kingesomeka chote, kurekebisha tarehe kule kwetu kunachukua mwaka na zaidi, na ombi la huku linatazama cheti kilichopo leo. Rhealyn aje kama mwanafunzi siku moja, akasema, au aombe mwenyewe akipata sifa, miaka michache. Alisema kwa upole. Editha akamshukuru, akamuuliza kama ofisi yao inahitaji mtu wa kufua mapazia, yamechafuka. Sijui kwa nini alisema hivyo. Nadhani alitaka kusema kitu chochote.

Tarehe ishirini na nane Mei ilikuwa Jumanne. Aliunga zipu mia mbili na kumi. Hatukupika tambi. Jioni Rhealyn akapiga, na Editha akaweka sauti ya nje.

"Mama, usimsemeshe vibaya bibi," msichana akasema. "Mimi ndiye niliyelia. Nakumbuka. Nililala chini getini, nikashika chuma. Bibi alinibeba mgongoni mpaka ofisini akiwa na mguu unauma. Nilitaka tu kwenda na wenzangu. Nisamehe, Mama. Sikujua nalia nini."

"Nyamaza," Editha akasema. "Nyamaza mwanangu, nyamaza sasa. Niko hapa." Akawa anasema nyamaza, nyamaza, kwa ile sauti ya kubembelezea mtoto mchanga, na Rhealyn analia kule, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili kwa karatasi. Mimi nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi bila koti.

Nilidhani angefunga begi arudi Leyte. Nilimuuliza. Akasema, "Nikirudi nitamlisha nini? Na kibali changu kinaisha Septemba. Bora mmoja wetu awe upande huu." Hakusema kwa hasira. Yeye hasira hana, Mungu alizimwaga zote kwangu.

Tarehe kumi na moja Juni ilitimia, miezi sita kamili. Halyna alikuwa ameandika barua nzuri, kurasa mbili, ameguna mle ndani kwa maandishi. Jioni tukakaa pale pale mezani jikoni, fomu iko kwenye kompyuta ya Rogelio. Mimi nasoma, Editha anajibu, mimi nachapa, maana ndivyo ninavyowafanyia wote. Jina. Kazi. Anuani. Mji unaokusudia kuishi. Winnipeg, nikachapa.

Kisha nikafika pale. Nikasoma mpaka katikati ya mstari, nikanyamaza.

"Soma, Dada."

"Idadi ya watoto wanaokutegemea."

Rogelio akasogeza kiti akaondoka, akaenda kusimama dirishani. Chini ya miguu yetu kulikuwa na chumba kile na kitanda kile. Nikamsukumia kompyuta. Nikamwambia, "Hiki jaza mwenyewe, Editha. Nakuomba."

Akaitazama, akairudisha mbele yangu taratibu kwa kidole kimoja, kile kile alichokiweka juu ya Thompson.

"Andika wewe, Dada Minda," akasema. "Vingine vyote umenijazia wewe."

Nikaandika sifuri.